Shajara ya kuhamisha hesabu za duka: kutoka kompyuta ya stoo kwenda mtandaoni

17 Aprili 2024

Leo mama amekubali. Kuanzia tarehe 1 Julai hesabu za duka zinatoka kwenye kompyuta ya mezani na kuingia mtandaoni. Nina miezi miwili na ushee ya kujiandaa, na sharti lake ni moja: mauzo yasisimame hata nusu siku.

Naandika hapa kwa ajili ya mkaguzi wetu, ambaye ndiye aliyeomba shajara hii, na kwa ajili ya yeyote atakayekalia kiti changu baadaye. Duka ni la vifaa vya ujenzi, Morogoro mjini, na mwaka jana tulifungua tawi Kihonda. Tunatumia programu ya hesabu ya QuickBooks Desktop yenye leseni ya siku nyingi, kwenye mashine moja. Kihonda hawana mashine. Keshia wa kule anapiga picha daftari la mauzo jioni, anaituma kwa WhatsApp, nami naingiza asubuhi yake. Kivuli cha kidole kikiangukia tarakimu, napiga simu. Bakapu iko kwenye flashi mbili, moja kwenye droo yangu na nyingine kwenye pochi ya mama, ambayo huenda naye sokoni, kanisani na Dar.

Kilichomsukuma mama ni tawi. Anataka akiwa safarini aone Kihonda wameuza nini bila kunipigia. Mimi nina sababu nyingine: Intuit, wenye programu hiyo, wametangaza kuwa Marekani baada ya 31 Julai hawatauza tena leseni za Desktop Pro na Premier kwa wateja wapya. Hiyo haitugusi kesho, ila inaonyesha upepo unakovuma.

Tumechagua QuickBooks Online daraja la Plus. Essentials ni nafuu lakini haishiki stoo, na duka la nondo na saruji bila stoo ni daftari la madeni tu. Plus inaruhusu watumiaji watano, wanatutosha. Malipo ni ya dola kwa kadi, kila mwezi. Kwa dola ya shilingi 2,600 hivi mama ameguna, kisha akauliza kama wanapokea kwa mwaka.

26 Aprili

Nimekaa na faili la zamani siku kadhaa. Mizania yake, yaani orodha ya mali na madeni ya duka, ukiitazama kwa mbali inapendeza. Ukisogea, kuna akaunti ya fedha zilizopokelewa zisizopelekwa benki yenye shilingi milioni 61. Droo ya keshia leo asubuhi ilikuwa na laki nne. Hakuna aliyeiba. Mauzo ya taslimu yaliingizwa miaka yote, fedha zikapelekwa benki kweli, lakini aliyekuwa akiingiza taarifa ya benki aliandika kila pesa iliyoingia kama mapato mapya badala ya kuiunganisha na mauzo yale yale. Kwa hiyo kuna mauzo yaliyohesabiwa mara mbili, na mkaguzi kila Desemba anayarekebisha juu kwa juu kwenye karatasi zake bila faili kuguswa.

Stoo nayo ina bidhaa zenye idadi hasi. Koki ya nusu inchi: hasi 212.

Nimeamua: historia haihami. Kuhamisha faili zima ni kubeba na panya. Nitachukua salio tu la tarehe 30 Juni, yaani benki, fedha za kwenye simu, taslimu, stoo, wadaiwa, wadai, mali za kudumu, mkopo na mtaji, kila moja likiwa limethibitishwa nje ya faili. Mashine ya zamani itabaki stoo ikiwaka mara moja kwa mwezi, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na TRA, watoza kodi, wakija kuuliza ya 2022 nitawafungulia pale pale.

Mkaguzi ameafiki kwa simu. Alisema tu, "Usiniletee urari ambao hujauhesabu kwa mkono." Urari ni orodha ya salio za akaunti zote, pande mbili zikilingana.

13 Mei

Mtandao umekufa tangu jana. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zimekatika, na nchi nzima inahangaika. Simu inapiga, bando lipo, ukurasa haufunguki.

Mama amenitazama tu. Sikuwa na jibu zuri, na ni bora imetokea sasa kuliko Julai. Tumekubaliana utaratibu: kila duka liwe na kitabu cha ankara chenye nakala tatu na namba zilizochapwa tayari. Mtandao ukikata tunaandika mkono, ukirudi tunaingiza kwa namba ile ile ya kitabu. Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, haikwami kwa hilo, mashine ina kumbukumbu yake na hutuma ikipata mtandao. Pia nimenunua kifaa cha wifi kinachokubali laini mbili za kampuni tofauti. Kwa waya wa baharini hakisaidii kitu, ila kwa mnara wa Kihonda, ambao hulala kila umeme ukikatika, kitasaidia.

22 Mei

Wadaiwa. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Kwenye faili kuna "Fundi Mkundi", "Mkundi fundi", "Fundi wa Mkundi paa" na "Mkundi (kofia)". Watatu ni mtu mmoja. Wa kofia ni mwingine na hadaiwi, alilipa Februari, malipo yakaangukia kwa yule wa paa. Nimeketi na keshia wa mjini, ambaye anawajua wote kwa sura na pikipiki, tukapitia jina kwa jina. Kila mteja sasa anatambulika kwa namba yake ya simu. Jina linafuata.

Kila mwenye deni amepigiwa simu kuulizwa anadhani anadaiwa kiasi gani, kabla ya kutajiwa kiasi chetu. Wengi walitaja kile kile, na wawili walitaja kikubwa kuliko chetu, wakapewa shukrani. Mmoja alikana kabisa, na hati yake ya kuchukulia mzigo haina saini. Hilo deni mama amelifuta mwenyewe kwa wino mwekundu.

29 Mei

Leo nimekiona kitabu cha kijani.

Kiko kwenye droo ya mama yenye kufuli, na katika miaka yangu hapa sijawahi kukifungua. Ni kitabu cha watu wanaodunduliza. Mwalimu wa Mazimbu anataka mabati 40 ya geji 28: mwezi huu analeta laki moja, ujao elfu hamsini, na bei inafungwa siku ya malipo ya kwanza. Mama wa Bigwa ana mifuko 60 ya saruji iliyokwisha kulipiwa, haijachukuliwa, kwa sababu msingi haujachimbwa na akiipeleka nyumbani itaganda. Kuna kurasa na kurasa.

Kwenye faili la zamani fedha hizi zote ziliingia kama mauzo siku zilipopokelewa, bila bidhaa kutoka stoo. Ndiyo sababu faida ya Januari huwa nono, watu wanakuja na fedha za sikukuu, na ya Juni inakonda mzigo ukianza kuondoka. Zile si mauzo bado. Ni deni la duka kwa mteja, na mahali pake ni upande wa madeni kwenye mizania.

"Hao ni watu wangu," mama akasema. "Sitaki kila mtu ajue nani ana nini kwangu."

"Mama, lazima yaingie. Bila haya stoo haitakaa sawa na mizania itadanganya."

"Basi yaingie, majina yabaki hapa."

Tumekubaliana hivyo. Kwenye programu kila mwenye amana ni namba: A-01, A-02 na kuendelea. Majina yako kwenye kitabu cha kijani, na ufunguo ni wake. Keshia akipokea fedha ya amana anaandika namba, basi. Kuhusu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nimemweleza kwamba kodi haisubiri mzigo kuondoka: inadaiwa kwenye tukio linalotangulia kati ya ankara, malipo na kukabidhi bidhaa. Kwa hiyo risiti ya EFD inatoka siku fedha inapopokelewa, hata kama saruji italala stoo hadi Novemba. Hilo alikuwa akilifanya tayari, kwa uchungu.

Tangu leo nimebadili namna ninavyoiona kazi hii. Faili la zamani lilikuwa na nusu ya duka. Nusu nyingine iko kwenye kitabu cha kijani, kwenye picha za WhatsApp na kichwani mwa keshia. Programu naijaza kutokea huko, na faili linabaki la kulinganishia tu.

6 Juni

Nondo.

Tunanunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Faili la zamani lilikuwa na bidhaa moja, "Nondo 12mm". Ankara ya msambazaji ikija ya tani tatu, mwingizaji aliandika 3. Mteja akinunua vipande ishirini, keshia aliandika 20. Kwa hiyo ndani ya saa moja stoo ilikuwa hasi 17, na gharama ya kila kipande kilichouzwa ilisomeka kama bei ya tani nzima. Ripoti ya faida kwa bidhaa haikufunguliwa na mtu, nami naelewa kwa nini.

Kwa kitabu, nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita. Kipande cha mita 12 ni kilo 10.66, hivyo tani moja ni karibu vipande 94. Ya milimita 10 ni kama vipande 135, ya 16 ni 52 au 53. Nilikuwa tayari kuweka namba hizo kama kanuni ya kubadilishia, kijana wa stoo akacheka. Akanipeleka nyuma, akachomoa nondo mbili za 12 kutoka mizigo miwili tofauti, akaziweka sambamba sakafuni. Moja ni nyembamba kwa jicho, haihitaji kipimo, tena imepungua urefu wa kiganja. Tani ya namna hiyo inatoa vipande vingi kuliko 94, na msambazaji anajua.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kipimo cha stoo ni kipande. Mzigo ukishushwa, vijana wanahesabu vipande, idadi inaandikwa nyuma ya hati ya kupokelea mzigo, na mimi naingiza idadi hiyo na kugawa jumla ya ankara kwayo. Tani inabaki kwenye maelezo tu. Na nondo pungufu imepata jina lake na bei yake, isichanganywe na ile kamili. Fundi anayejenga ghorofa ana haki ya kujua anachukua ipi.

Misumari ni kilo. Waya wa umeme ni mita, na rola iliyokatwa inahesabiwa mita zilizobaki. Rangi ni kopo kwa ujazo wake, lita 4 mbali na lita 20. Hayo yalikwisha kabla ya chai.

15 Juni

Jaribio la kupandisha taarifa ya benki kutoka Excel, kwenye kampuni ya majaribio. Muamala wa tarehe 3 Mei umetua tarehe 5 Machi. Wa tarehe 14 Mei umekataliwa kabisa, maana hakuna mwezi wa kumi na nne. Mpangilio wa tarehe ulikuwa wa Kimarekani, mwezi mbele. Umebadilishwa kwenye mipangilio, na faili lenyewe nimeliandika tarehe kwa mwaka-mwezi-siku ili Excel nayo isijifanye mwerevu. Kilichonitisha ni ile iliyotua vibaya, maana iliyokataliwa angalau inapiga kelele.

Koma za maelfu zitolewe kabla ya kupandisha.

Jana treni ya SGR imeanza safari za Dar hadi hapa Morogoro. Mkaguzi anasema sasa hana kisingizio cha kutokuja.

27 Juni

Wiki ngumu. Jumatatu tarehe 24 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, mgomo ukasambaa hadi mikoa mingine. Mzigo wetu wa vifaa vya mabomba ulikuwa umelipiwa Ijumaa, lori halikupakia. Ankara ninayo, ya tarehe 21 Juni, mzigo sina, na tunafunga hesabu Jumapili.

Uamuzi: kwa kuwa malipo yametoka na bidhaa hazijafika dukani wala mikononi mwa msafirishaji wetu, inaingia kama malipo ya awali kwa msambazaji. Stoo haiguswi. Ukifika Julai utaingia Julai. Nimebandika karatasi kwenye ankara hiyo ili nisije nikaisahau nikiwa na usingizi Jumapili usiku.

30 Juni, Jumapili

Kuhesabu mali, maduka yote mawili. Tumefunga. Watu wawili wawili, mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Wakimaliza rafu wanabandika kipande cha karatasi cha njano. Jozi ya pili inapita bila kuonyeshwa namba za jozi ya kwanza. Zikitofautiana, wanarudi wote wanne. Ncha za nondo zilizohesabiwa zinapakwa rangi nyeupe.

Kabla ya kuanza, saruji na mabati ya wenye amana yalitengwa upande wa ukuta kwa chaki, A-01 hadi mwisho. Yale yaliyokwisha kulipiwa yote hayahesabiwi kama yetu. Hapo ndipo lilipotokea jambo: mifuko ya wenye amana kwenye kitabu cha kijani ni mingi kuliko mifuko yote iliyoko stoo. Yaani tumewauzia wengine saruji ya watu, tukitegemea ya wiki ijayo. Mama alijua. "Biashara ndivyo inavyozunguka," alisema, na ni kweli inazunguka hivyo hadi siku wanapokuja watatu kwa pamoja. Mifuko inayopungua imeingia kama deni la duka, kwa bei ya leo ya kununulia, si ya siku walipolipa.

Koki ya nusu inchi: 38. Karibu duniani.

Makopo ya rangi yaliyoganda yametolewa kwenye thamani. Saa nne usiku nilikuwa na urari wa mkono kwenye karatasi ya A3, nikaipiga picha na kumtumia mkaguzi. Akajibu kidole gumba.

5 Julai

Wiki ya kwanza. Salio anzia yameingia yote kwa tarehe 30 Juni, na akaunti ya muda ambayo programu huitumia kupokelea salio hizo imefika sifuri baada ya kuhamishia mtaji na faida iliyolimbikizwa mahali pake. Ikibakia na chochote, kuna kitu hakijaingia au kimeingia mara mbili. Ilibakia na 45,000 hadi Jumatano. Ilikuwa kodi ya kibanda cha mlinzi, imelipwa na haijaandikwa popote.

Keshia wa Kihonda anaingiza mwenyewe kwenye kishkwambi. Siku ya kwanza aliandika bei yenye VAT mahali pa bei isiyo na VAT na programu ikaongeza 18% juu yake, mteja wa saruji akaambiwa mfuko 20,886 badala ya 17,700. Mteja akasema, "Dada, hiyo mashine yako ina njaa." Sasa mauzo yote ya kaunta yamefungwa kwenye bei yenye kodi ndani: 17,700, ambayo ndani yake kodi ni 2,700 na bei halisi 15,000. Keshia hana haja ya kuona zaidi ya hapo.

Tatizo lililobaki: Plus inatenganisha mauzo kwa tawi, lakini idadi ya bidhaa haiigawi kwa tawi. Nimezipa bidhaa za Kihonda herufi KH mwishoni, zimekuwa bidhaa zinazojitegemea. Saruji 42.5 na Saruji 42.5 KH. Orodha imerefuka na haivutii. Mzigo ukihama kutoka mjini kwenda Kihonda natoa huku na kuingiza kule. Kwa maduka mawili inavumilika. Mama akitaka la tatu, tutazungumza upya kuhusu programu.

18 Julai

Mama amepiga simu kutoka Dodoma. Ameona kwenye simu yake kwamba faida ya saruji imeporomoka tangu Jumanne, akataka kujua nani anauza kwa bei ya kuhurumia.

Hakuna. Programu ya zamani ilithamini stoo kwa wastani. Hii inatumia utaratibu wa iliyoingia kwanza kutoka kwanza. Tulikuwa na mifuko 100 tuliyoinunua kwa 14,000, tukaongeza 100 kwa 14,800, na tumeuza 120. Kwa wastani kila mfuko ungegharimu 14,400, gharama yote 1,728,000. Kwa utaratibu mpya, mia ya kwanza imetoka kwa 14,000 na ishirini kwa 14,800, jumla 1,696,000. Tofauti ni 32,000, nayo imebaki ndani ya thamani ya mifuko 80 iliyosalia. Lakini alichokiona mama ni kwamba mfuko uliokuwa ukimwachia 1,000 sasa unamwachia 200. Ni kweli unamwachia 200. Wastani ungemwonyesha 600 na angeendelea kuuza.

Bei imepanda kesho yake. Mkaguzi nimemtaarifu, kwa sababu kubadili namna ya kuthamini stoo katikati ya mwaka ni jambo la kuelezwa kwenye hesabu za Desemba.

9 Agosti

Jana Nane Nane, mji umejaa wageni wa maonesho, mauzo ya koki na mabomba ya umwagiliaji yamekuwa mazuri.

Nalinganisha mauzo ya Julai na ripoti za Z, yaani jumla za mauzo ya kila siku, za mashine mbili za EFD. Zilipishana kwenye siku tano. Tatu ni za kitabu cha mkono, umeme ulikatika Kihonda, ankara zikaingizwa kesho yake kwa tarehe ya kesho yake. Nimezirudisha kwenye tarehe za kitabu. Moja ni risiti ya EFD ya amana ambayo keshia aliisahau kwenye programu. Ya mwisho ni fundi aliyechukua mzigo kwa mkopo, ankara ipo, risiti ya EFD haikutoka kwa sababu "bado hajalipa". Huyo keshia ni wa mjini, amezoea hivyo miaka. Nimemwonyesha kwamba kodi ya mzigo ule ni ya Julai, fundi alipe au asilipe. Kuanzia leo, ankara ya mkopo haitoki bila namba ya risiti ya EFD kuandikwa juu yake.

19 Agosti

Ritani ya VAT ya Julai imewasilishwa leo, siku moja kabla ya mwisho. Kodi ya mauzo kwenye programu na jumla ya ripoti za Z zimekutana hadi shilingi. Benki imesuluhishwa, yaani hesabu yetu na taarifa yao zinalingana. Laini za kupokelea malipo kwa simu nazo zimekaa sawa, kila moja ikiwa na akaunti yake na makato yake yakiwa gharama. Kwenye faili la zamani yalikuwa yakimezwa ndani ya mauzo. Akaunti ya fedha zisizopelekwa benki ina 380,000, ambazo ziko kwenye droo, nimezihesabu. Julai imefungwa kwa tarehe na nenosiri. Anayetaka kugusa kitu cha Julai aje kwangu kwanza.

Intuit wamesogeza mwisho wa kuuza Desktop hadi 30 Septemba. Mama ameuliza kama basi tungeweza kusubiri. Nimemwomba afungue simu yake aangalie Kihonda wameuza nini leo. Ameangalia, akaanza kuuliza kwa nini tii za inchi moja haziuziki.

Bado: mishahara iko kwenye Excel. Hatujafika wafanyakazi kumi, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) haituhusu, ni PAYE (kodi ya mishahara), NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) tu, kwa hiyo naingiza jumla mara moja kwa mwezi. Amana A-17 na A-23 wanasema wao ni mtu mmoja, mama anathibitisha Jumamosi. Mzigo wa Kariakoo uliofika Julai 2 una boksi moja la soketi pungufu, msambazaji ameahidi hati ya kupunguza deni, haijaja.